Jirani Yangu Msikiliza Nyambizi

Sifa na shukrani zimwendee Mungu Mwenyezi, aliyeiumba bahari ambayo mimi sikuiona kwa macho mpaka nilipokuwa tayari na wajukuu, na aliyewagawia watu masikio, wengine kidogo, wengine kupita kipimo. Namshukuru kwa kunifikisha umri huu mkono wangu ukiwa bado unashika kalamu. Namshukuru pia kwa jirani aliyenipa, ambaye nataka kumweleza hapa kadiri ninavyomkumbuka.

Jina lake sitalitaja. Aliniomba mwenyewe: "Andika nikishaondoka, Mwalimu, ila usitaje jina langu wala la meli." Ameondoka. Tulimzika kipupwe kilichopita, asubuhi ambayo ukungu wa milima ya Matogoro ulitufunika hadi waliobeba jeneza wakawa wanaelekezana kwa sauti. Asili yake na ukoo wake nawaachia wenye ukoo. Mimi nilimjua kwa miaka ishirini na miwili, ua wake ukipakana na wangu, na ninayo ya kusema ambayo yanatosha.

Mtaani tulimwita Baharia. Vijana wa bodaboda siku hizi wanaitana baharia wao kwa wao, hata ambao hawajawahi kufika ziwani. Walipompigia kelele pale kijiweni, "Baharia!", yeye aligeuka akainua mkono, akidhani anapewa heshima yake, nao wakacheka.

"Hao wametumikia meli gani?" aliniuliza siku moja.

"Za magurudumu mawili," nikamwambia.

Akasimama kidogo akiinamisha kichwa, akisikiliza injini zao. "Ya yule mwenye jaketi jekundu haitamaliza mwezi." Haikumaliza wiki.

Kabla sijaendelea, lipo jambo moja ambalo msomaji alijue mapema, kwa sababu ndilo lililonifanya nimtazame mtu huyu kwa miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa katekista wa kigango chetu. Baharia hakukosa misa. Alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirishani, yeye na mkewe. Aliimba, alipiga magoti, alitoa sadaka. Lakini ulipofika wakati wa kukomunika aligeuza magoti pembeni ili mkewe na wengine wapite, kisha akabaki benchini peke yake, mikono mapajani, mpaka watu waliporudi. Jumapili baada ya Jumapili, Pasaka na Noeli. Kwetu mtu anayebaki benchini huonekana kama mwenye koti jekundu msibani. Ndoa yake ilikuwa ya kanisani, cheti nilikiona. Basi watu wakatafuta sababu nyingine. Wengine walisema ameua mtu jeshini. Wengine kwamba ana mke wa pili pwani, na watoto. Mimi, Mungu anisamehe, niliamini hilo la pwani.

Kazi yake alinieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Alikuwa mwanamaji katika meli ndogo ya doria. Ukisikia meli unafikiri jumba, lakini yake, alisema, haikuzidi urefu wa jengo la madarasa matatu pale shule ya msingi, na ndani yake waliishi watu thelathini na sita. Walilinda milango ya bandari na visiwa vya karibu dhidi ya nyambizi, yaani meli zile zinazotembea chini ya maji. Nyambizi huioni. Unaisikia tu. Kwa hiyo kila meli ya namna ile ilikuwa na mtu mmoja aliyekaa chini katika kichumba kisicho na dirisha, hedifoni nzito masikioni, akisikiliza chombo kilichoshushwa majini. Mtu huyo alikuwa yeye.

"Ukitaka kusikia, lazima uzime injini," alinieleza. "Ukizima injini, meli inabaki inayumba kama gunia juu ya baiskeli. Watu wanatapika. Na wanatapika kimyakimya, maana kelele haitakiwi. Viatu wamevua. Mpishi haruhusiwi kuweka sufuria chini. Ukikohoa unakohoa kwenye kofia."

"Wote hao wanakunyamazia wewe?"

"Wote. Hata nahodha. Alikuwa na nyota mabegani, lakini nikiinua mkono, anashika pumzi."

Nyuma ya meli yalipangwa mapipa ya baruti. Msikilizaji akisema amesikia kitu, na nahodha akiamini, meli hukimbia juu ya mahali pale, mapipa husukumwa baharini, nayo hupasukia kilindini. Kilichopo chini, hata kiwe nini, hakibaki. Msikilizaji asiposikia kitu, huandika kwenye kitabu cha zamu maneno mawili tu: hakuna kitu.

Maneno hayo yalikuwa yamemwingia damuni. Ukimsabahi asubuhi ukamuuliza za nyumbani, alijibu, "Hakuna kitu," akimaanisha heri. Mke wangu ilimchukua mwaka mzima kuzoea. "Mzee huyu," alisema, "kila siku nyumbani kwake hakuna kitu, na mahindi yamejaa ghalani."

Mtu aliyefundishwa kusikiliza haachi. Tukiwa tunakula alisimamisha tonge njiani, akatega sikio, akasema, "Basi la Tunduru hilo, leo limechelewa," na kweli baada ya muda tulilisikia na sisi likipanda mlima. Mwenye mashine ya kusaga pale sokoni alimpa heshima kuliko fundi. Baharia alikwenda na ufito wa chuma, akaweka ncha moja kwenye mashine na nyingine sikioni, akafumba macho. Wanawake na ndoo zao za mahindi walinyamaza bila kuambiwa. "Beringi ya kushoto," alisema. "Inalia. Ukiendelea leo, kesho utanunua mbili." Hakuomba hata kibaba cha unga.

Samaki hakula. Hapa tunaletewa dagaa na mbasa kutoka ziwani Nyasa, na mtu asiyekula mbasa huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Shemeji yangu mmoja, mtu wa maneno, alimtania mezani.

"Baharia gani huyu haonji samaki? Au ulikuwa unaendesha meli ya nchi kavu?"

"Shemeji, nimewasikiliza miaka mingi. Kamba wanalia kama mafuta ya moto kikaangoni. Kuna samaki anakoroma kama mzee. Sasa nikimla mtu niliyekesha namsikiliza, nitamwambia nini?"

"Mwambie karibu," alisema shemeji, akachukua kipande chake.

Baharia alicheka mpaka akafuta machozi. Mkewe alinong'ona kwamba meli ilimharibia mwanaume, maana hata kuku wa Noeli alichinjwa na jirani.

Watu hudhani mtu wa kimya ni mpole. Yeye alikuwa na hasira kali kwa jambo moja tu, uongo mdogo. Mtoto akisema ameoga na hajaoga, Baharia alifoka. Ukimuuliza hujambo naye ana homa, hakusema sijambo, alisema, "Nina homa," hata kama mlikuwa mnapishana barabarani na una haraka. Majirani wawili walipogombea mpaka wa shamba kule njia ya Namtumbo, mmoja wao rafiki yake wa damu, aliitwa kusema alichokiona. Akasema alichokiona. Rafiki akakosa hatua sita za shamba na hakumsalimu miaka miwili. Baharia aliendelea kumsalimu kila siku, akijibiwa na ukimya, mpaka yule akachoka kunyamaza.

Na bado mtu huyo mkweli hakukubali kuapa. Baraza la kata lilimtaka awe mjumbe, maana nani angefaa kuliko yeye? Alifika ofisini amevaa vizuri, akasikia kuna kiapo cha kushika Biblia, akarudi nyumbani. "Neno langu wachukue," aliniambia. "Kuapa sitaapa tena." Lile neno "tena" nililisikia, na nikalifasiri nilivyotaka. Nikasema moyoni, naam, aliapa mbele ya mwanamke wa pwani.

Sasa niseme kosa langu. Familia moja ya jumuiya yetu ilimwomba awe msimamizi wa kipaimara wa binti yao, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha hesabu jioni bila kuchoka. Waliniletea jina tukiwa tumekaa kwenye sala ya jumuiya, watu kama ishirini, yeye mwenyewe akiwepo. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilisema mbele ya wote, "Msimamizi lazima awe anashiriki meza ya Bwana. Baharia, malizia kwanza mambo yako ya pwani."

Akina mama walitazama chini. Yeye akaniangalia bila chuki na kusema, "Ni kweli, Mwalimu. Yako pwani." Akakunja kiti chake cha turubai, akamngoja mkewe, wakaondoka. Mkewe hakunisabahi Kwaresima nzima. Yeye asubuhi iliyofuata alinisalimu kama kawaida, akaniambia bomba langu la nyuma linavuja chini ya udongo. Nilichimba, nikakuta linavuja.

Nilijua nimemkosea adabu. Sikujua kwamba nimemkosea zaidi ya hapo, na kwamba kosa lilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yule.

Miaka ikaenda. Mimi nikastaafu ukatekista, yeye moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba. Kisha likampata lile ambalo sikudhani lingempata yeye: masikio yakaanza kuzima. Kwanza sikio la kulia, halafu la kushoto likafuata. Basi la Tunduru likawa linapita bila yeye kuinua kichwa. Hakulalamika. Sauti yake tu ilipanda, kama ilivyo kwa viziwi, hata siri za nyumbani kwake tukawa tunazisikia sisi wa huku: mara anauliza dawa, mara chumvi.

Baada ya mavuno ya mwaka juzi alimtuma mjukuu wake kuniita niende tukapukuchue mahindi. Kupukuchua si kazi ya wazee wawili wagonjwa, nikajua ana neno. Tulikaa mkekani uani, jua la saa nne likitupasha, rundo la mahindi katikati yetu. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni, na nadhani alipelekwa makusudi. Baharia alipukuchua mahindi mawili matatu, kisha akasema kwa ile sauti yake kubwa:

"Mwalimu, daktari amesema moyo wangu umechoka. Nataka kukomunika kabla ya kufa. Ila siwezi. Nisikilize, halafu uniambie kama kuna njia."

Nikalisogelea sikio lake la kushoto. "Sema, ndugu yangu. Nipo."

Akasema kwamba alipoingia kazini kwenye kile kichumba aliapishwa, mkono juu ya Biblia: atatoa taarifa ya kila atakachosikia, bila kuongeza, bila kupunguza, na kuamua kutakuwa kwa nahodha. Miaka ile upande wa kusini hakukuwa kumetulia, na zilikuja habari kwamba huenda nyambizi ya kigeni inapita pwani yetu. Walitafuta kwa majuma. Hakuna kitu, hakuna kitu. Nahodha alikuwa kijana, mapipa yalikuwa mapya, watu walikuwa wamechoka kutapika. Amri ikawa kwamba kikisikika chochote kikubwa kisichojulikana, mapipa yashushwe.

"Asubuhi moja bahari imelala kama sahani," alisema. "Tumezima injini. Nikasikia mguno, mrefu, mzito, kama mlango wa ghala. Ukatulia. Halafu chini yake nikasikia kingine, chembamba, kinajibu. Kikubwa kinaguna, kidogo kinaitikia. Kikubwa kikienda, kidogo kinakimbilia. Mwalimu, nyambizi haina mtoto."

"Nyangumi," nikasema.

"Eh?"

"Nyangumi!"

"Nyangumi na mwanawe. Nahodha akaniuliza kwa simu ya ndani, 'Msikilizaji, kitu?' Ningetakiwa kusema: kitu, kikubwa, upande fulani. Halafu wangeshusha mapipa. Nikasema, hakuna kitu. Nikaandika kitabuni, hakuna kitu, nikatia sahihi."

Hindi lilikuwa mkononi mwangu, sikulipukuchua.

"Ulikuwa na hakika kwamba ni nyangumi?"

"Hapo ndipo penyewe. Ziko nyambizi zenye pampu inayoguna karibu hivyo. Katika kumi nilikuwa na nane."

"Na hizo mbili?"

"Hizo mbili zilikuwa watu thelathini na sita."

Kuku wakaja kwenye punje, hakuna aliyewafukuza.

"Hakikutokea kitu," akaendelea. "Tulirudi bandarini salama. Lakini niliapa, na nikavunja kiapo mkono wangu ukiwa bado una jasho la Biblia ile. Ungetubu, utasema. Sasa sikiliza shida yangu. Sijuti. Nimejaribu, kila Kwaresima najaribu. Naiita siku ile, najiambia, juta wewe mzee, juta. Namsikia yule mdogo anaita, na moyo wangu unafurahi. Nikipewa zamu ile tena nitasema vilevile. Niende kwa padre nikamwambie najuta? Nilimdanganya nahodha. Nimdanganye na Mungu?"

"Kwa nini hukuuliza miaka yote hii?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Niliuliza. Hukumbuki? Jumapili yangu ya kwanza hapa nilikuja kwenye mafundisho yako baada ya misa. Nilikaa nyuma. Nikauliza, mtu akiwa hajuti, afanyeje? Ukasema, asiyejuta asisogee. Akisogea, anakula hukumu yake mwenyewe. Ukaendelea na swali lingine. Nikasema, vema, hiyo ni amri, na imetoka kwa mwenye mamlaka."

Sikulikumbuka swali. Nilijaribu pale mkekani kuona uso wake katika darasa lile, sikuuona. Lakini maneno niliyatambua. Yalikuwa yangu, niliyasema mara nyingi, niliyapenda kwa sababu yalikuwa mafupi. Mtu mmoja aliyakuta mlangoni, akayatii, akakaa benchini miaka ishirini na mmoja, huku mimi nikimhukumu kwa kukaa.

Nilimshika mkono. Nikamwambia sikioni, kwa sauti kubwa hadi mbwa akaamka, "Nisamehe. Nilikujibu vibaya. Mtu akiuliza hivyo, unamuuliza ana nini. Sikukuuliza. Na lile la kipaimara, nisamehe."

"Lile lilikuwa kweli," akasema. "Mambo yangu yalikuwa pwani."

"Nilimaanisha mwanamke."

"Mwanamke?" Akafikiri. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko. "Mwanamke! Mimi! Mama watoto akisikia atakuchapa na mwiko, Mwalimu."

Tulicheka wote, na baada ya kucheka nikaona naweza kufikiri. Nikamuuliza, "Hao thelathini na sita, unawakumbuka?"

Aliwakumbuka. Hakuwataja majina, aliwataja kwa kazi: mpishi, fundi wa injini aliyekuwa akiimba, mpeperusha bendera. Alipofika kwa mmoja akapunguza mwendo. Huyu alikuwa wa mzinga wa mbele, Myao wa Tunduru, Mwislamu safi, rafiki yake. Alikuwa na tatizo la usingizi, hakulala kabisa meli ikiwa doria, isipokuwa saa za zamu ya Baharia.

"Alikuwa ananiambia, 'Ukiwa wewe chini, ndugu yangu, mimi nalala. Masikio yako ni mlango wangu.' Anajikunja chini ya mzinga, tayari anakoroma."

"Na siku ile?"

"Siku ile..." Akaacha kupukuchua. "Siku ile alikuwa amelala. Nilipanda juu baada ya zamu, nikamkuta amelala, mdomo wazi, nzi anamtembea shavuni. Nikamfukuza yule nzi. Alilala kwa neno langu, Mwalimu. Nikaichezea roho yake, mbili katika kumi, wala sikumuuliza."

Mtu huyu niliyemjua miaka ile yote akalia mbele yangu, akalia kwa sauti ile kubwa asiyoisikia, mikono yake imejaa punje. Sikumkataza. Alipotulia nikamwambia, "Basi hapo umejuta. Chukua hilo umpelekee padre. La nyangumi nalo mpelekee hivyohivyo, mwambie hulijutii, usimfiche. Mwachie yeye na Mungu."

"Inaruhusiwa kupeleka nusu?"

"Utapeleka zote mbili. Nusu moja ina machozi, nusu moja haina."

Jumamosi ile nilimsindikiza kanisani. Padre wetu ni kijana, mtaratibu. Foleni ya kitubio ilikuwa ya akina mama kumi hivi, wamekaa kwenye benchi la nje ya kile chumba kidogo chenye pazia. Walipomwona Baharia akija na fimbo yake, mazungumzo yalikatika. Walimpisha awe wa kwanza, kwa heshima ya umri, na pia, nisiseme uongo, kwa hamu. Mama mmoja muuza mboga, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa ile habari ya mke wa pwani, alisogea mpaka mwisho wa benchi, karibu na pazia.

Akaingia. Tukamsikia padre akisema jambo kwa sauti ya chini. Kisha, wazi kama tangazo la stendi:

"PADRE, MIMI NI KIZIWI! MARA YA MWISHO KUUNGAMA NILIKUWA KIJANA, TULIKUWA MELINI—"

Nilisimama, nikafanya ishara ya msalaba na kuanza, "Salamu Maria, umejaa neema!" kwa sauti yote niliyobakiwa nayo.

Akina mama wakanitazama. "Mwalimu," mmoja akanong'ona, "rozari ni baadaye."

"Sauti, mama zangu!" nikasema. "Nawaombeni, sauti!"

Wawili wakaitikia kwa mashaka. Ndani, sauti yake ilikuwa ikipanda juu ya yetu: "...NIKAAPA..." Na hapo yule muuza mboga akaelewa. Niliona usoni mwake anaelewa. Alikuwa amekaa mahali pazuri kuliko sote, alichokingoja miaka ishirini kilikuwa kinatoka mita moja kutoka sikioni mwake. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akawageukia wenzake akasema, "Mnaogopa nini? Simameni!" Akaanzisha wimbo wa Mama Maria, na mama yule ana koo la kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde. Wote wakasimama. Wakapiga makofi. Mmoja akapiga vigelegele. Watu waliokuwa wakifagia uwanja wakaja mlangoni kutazama kuna nini, wakajiunga nasi. Tuliimba beti zote, tukazirudia, na kila tulipochoka yule mama alituangalia kwa jicho kali tukaanza upya. Sikusikia neno lingine kutoka nyuma ya pazia, wala yeyote hakusikia. Padre alimwambia nini, sijui, na halinihusu.

Alitoka akishika ukuta. Akatukuta tumesimama, jasho linatutoka, tumenyamaza ghafla kama watoto.

"Mnamshangilia nani?" akauliza.

"Bikira Maria, baba," akasema muuza mboga, akihema.

"Basi mpunguzieni. Mtamtoboa masikio." Akaenda kupiga magoti mbele, akakaa huko muda mrefu.

Kesho yake nilikaa benchi la nyuma yake. Ulipofika wakati, mkewe alisimama na kungoja magoti yake yageuke pembeni, kama yalivyogeuka kila Jumapili. Hayakugeuka. Akangoja. Baharia akashika benchi la mbele, akajivuta, akasimama, akaingia kwenye mstari wa katikati. Mkewe alibaki pale pale, mdomo wazi, mpaka nilipomgusa bega. Akamkimbilia, akashika ncha ya koti lake kwa nyuma kama mtu anayeogopa kuachwa na basi, wakaenda hivyo hadi mbele, hatua ndogo ndogo.

Padre akainua hostia akasema, "Mwili wa Kristo." Baharia hakusikia. Alisimama akimtazama padre machoni, akingoja. Padre akasema tena. Kanisa zima lilikuwa kimya, hata watoto. Padre akainama mpaka karibu na sikio lake la kushoto, akasema mara ya tatu, polepole.

"AMINA!" akajibu Baharia, na mtoto mchanga upande wa akina mama akaamka akalia.

Alirudi benchini akapiga magoti kwa shida. Mkewe akapiga magoti ubavuni pake, bado ameshika koti.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki na nyumba yako. Kama kuna neno fupi lililokuzuia mlangoni, akuletee mtu wa kukuuliza una nini. Na kama neno hilo ulilisema wewe, akujalie siku za kutosha za kulifuata na kuliombea radhi, kama alivyonijalia mimi. Amina.